Mashine Iliyosubiri Saa Kumi na Tatu

Saa nne kasoro asubuhi, Ijumaa, Igoma. Dorcas Chenge anafuta mikono kwenye khanga, anasogea ukutani na kuzima swichi.

Feni inanyamaza. Taa ndogo nyekundu inazimika. Ndani ya kabati la bati lililosimama pembeni mwa chumba, mayai 264 ya kuku wa watu yanabaki gizani.

"Moja, mbili, tatu," anahesabu kwa sauti, macho yakiwa kwenye kioo kidogo cha mlango. Akifika sitini anawasha. Feni inaamka, taa inarudi, na baada ya muda trei tatu zinaanza kuinama polepole kuelekea kushoto, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Mama mmoja aliyeleta mapema trei yake ya mayai ya kuingia Jumatatu amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Dada, mbona unazima? Si yatakufa?"

"Nazima ili yasife."

"Kivipi?"

Dorcas anacheka na kumsogezea ndoo iliyofunikwa. "Kaa hapo nikueleze. Ila nisipoeleweka usinilaumu. Hata mimi naelewa nusu."

Dorcas ana miaka 44. Alizaliwa Magu, akamaliza darasa la saba, akaja Mwanza kuolewa. Kwa miaka mingi alianika na kuuza dagaa. Siku hizi ni mwangalizi wa mashine ya kutotolesha vifaranga inayomilikiwa na kikundi cha akina mama cha Tujikwamue, chenye wanachama kumi na wanne. Watu wanaleta mayai yao, wanalipa shilingi 300 kwa yai, na baada ya siku ishirini na moja wanarudi na boksi lenye matundu kuchukua vifaranga. Kikundi kinamlipa Dorcas shilingi 150,000 kwa mwezi.

Kazi yenyewe si ya nguvu, ni ya macho. Kila Jumatatu trei moja ya mayai 88 inaingia na nyingine inatotoa. Katikati ya hapo anasoma joto, anajaza maji kwenye mabeseni mawili yaliyo chini ya kabati ili hewa isikauke, anapima mayai kwa tochi kuona kama kuna mishipa, na anaandika. Anaandika kila kitu. Daftari lake lina jina la mteja, siku mayai yalipoingia, siku yalipotoka na siku umeme ulipokatika.

Ufunguo wa chumba ni mmoja, na unakaa kwa Dorcas. Mwezi uliopita nusura anyang'anywe.

"Haukuwa ufunguo tu," anasema. "Mtu akikutoa kwenye mashine kwa sababu mayai yanakufa mikononi mwako, anakuwa amekuambia kitu kingine. Amekuambia una nuksi. Na nuksi hakuna anayekusafisha. Hata dagaa zako hawatanunua."

Mwaka wa kwanza mashine ilifanya kazi vizuri. Umeme wa mtaa wao ulikuwa wa kukatikakatika, saa moja leo, saa mbili keshokutwa, na kila ulipokatika Dorcas alikimbia na mablanketi kufunika kabati. Hata hivyo, katika mayai 88 walitoka vifaranga sabini na kitu, mara nyingine themanini.

Agosti mwaka jana mtaa ukapata transfoma mpya. Umeme ukatulia. Akina mama wakapika pilau.

Miezi miwili baadaye mambo yakaharibika, tena kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Trei ya Bi Hadiya, mwenyekiti wa kikundi, ilitoa vifaranga 75. Trei iliyofuata, ya Odeta, mfugaji kutoka Butimba, ilitoa vifaranga wawili. Ni kabati lile lile, kwa joto lile lile.

Odeta hakuinyamazia. Dorcas anayakumbuka maneno yake kama yalivyotoka.

"Ya mwenyekiti yanatoka, ya kwangu viza? Mashine yenu inasoma majina?"

"Dada Odeta, hata mimi nashangaa."

"Shangaa tu. Mimi nilileta mayai, nimerudishiwa makaburi."

Trei mbili zilizofuata nazo zikafa. Kisha, bila mtu kugusa chochote, mashine ikapona yenyewe. Dorcas alipotazama daftari aliona kwamba wiki tatu hivi kabla ya kupona, umeme ulikuwa umekatika mchana mzima. Hakulitilia maanani. Nani angefikiri kwamba umeme kukatika ni dawa?

Januari ikarudia. Safari hii Dorcas hakuyatupa mayai. Alikaa uani na kisu, akayapasua moja moja, yote 80 na zaidi, huku akiziba pua kwa khanga.

"Niliona kitu. Kila kifaranga alikuwa amegandia upande mmoja wa yai. Sio huyu kulia na yule kushoto, hapana, wote upande mmoja. Nikasema, mbona kama uji usiokorogwa? Uji usipoukoroga unashika chini."

Kuku anayeatamia hageuzi mayai kwa kufundishwa. Anayasukuma kwa mdomo, usiku na mchana, na hapo ndipo kifaranga hagandi. Mashine inapaswa kufanya hivyo kwa kuinamisha trei kila baada ya saa mbili, mara kushoto, mara kulia. Inainama taratibu sana kiasi kwamba mtu akipita haoni.

Dorcas akaweka stuli mbele ya kioo tangu saa mbili asubuhi. Saa nne ikapita. Saa sita. Saa nane. Trei zilikuwa zimeinama kulia, na zikabaki zimeinama kulia. Taa ilikuwa inawaka, joto lilikuwa sawa, feni ilikuwa inazunguka, ila mayai hayakugeuzwa.

Akazima, akawasha. Trei zikageuka hapo hapo.

"Nilikaa chini kabisa. Nilijiuliza, sasa hii imechoka au imesahau?"

Alimpigia simu Rahim, fundi wa redio na mashine mwenye kibanda karibu na stendi ya Igoma. Siku hiyo Rahim alikuwa Musoma kwa kazi. Mtandao ulikuwa mbovu. Dorcas alimsomea kwenye daftari siku za kukatika umeme na siku za mayai kufa. Rahim akamwuliza ni siku ngapi mashine inakaa bila kuzimwa kabla haijaharibika. Dorcas akahesabu kwa kidole kwenye ukurasa, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara zote ilikuwa imepita siku arobaini na tisa.

Rahim akasema, "Aa, hiyo imefurika, mama. We izime tu kila wiki ianze upya. Ikifika siku hizo inafurika."

Simu ikakatika.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na Dorcas mwenyewe akilisimulia hucheka mpaka anashika ubavu, ingawa siku ile hakucheka. Kwenye mashine ile kuna kitu kimoja tu kinachoweza kufurika. Ni maji.

"Fundi kasema imefurika. Mimi nikatazama mabeseni. Ni kweli nilikuwa nayajaza mpaka ukingoni. Nikasema kumbe ni mimi! Nikamwaga maji yote, nikaacha kidogo tu chini, na kila Ijumaa nikawa nazima kama alivyosema."

Alikuwa ametumia dawa na sumu kwa pamoja. Kuzima kila wiki kulifanya trei zigeuke vizuri, na vifaranga wakakua mpaka ukubwa wao kamili. Lakini siku ya kutoka hewa ilikuwa kavu, ngozi ya ndani ya yai ikakauka na kuwabana. Wengi walitoboa tundu, wakatoa mdomo, wakalia siku nzima, wakafa hapo hapo wakiwa nusu nje.

Mwezi Machi, kwenye trei nzima, wakatoka tisa kati ya 88.

Na safari hii kulikuwa na shahidi. Mwanachama mmoja alikuwa amepita Ijumaa akamwona Dorcas akizima swichi. Kufikia jioni akina mama wote walikuwa na habari kwamba Dorcas anaua mayai kwa mkono wake.

Mkutano uliitishwa uani kwa Bi Hadiya, Aprili, Jumapili baada ya ibada. Agenda ilikuwa moja: ufunguo. Odeta, ingawa si mwanachama, alialikwa aseme aliyoyaona. Rahim alikuwa amerudi kutoka Musoma, naye Dorcas akamwomba aje.

Bi Hadiya alifungua kwa upole. "Dorcas, mwenzetu, sisi hatukuchukii. Umezima, hukuzima?"

"Nimezima."

"Mayai yamekufa, hayakufa?"

"Yamekufa."

"Basi tunabishana nini?"

Dorcas akasema fundi ndiye aliyemwambia azime kwa sababu maji yamefurika. Rahim akaruka. "Maji? Nani kasema maji? Nilisema imefurika namba!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

"Namba inafurikaje, we Rahim?" akauliza Odeta. "Namba ni mto Mirongo?"

Wakacheka. Rahim akajaribu kueleza. Alisema ndani ya mashine kuna kijikompyuta kinachohesabu muda tangu kiwashwe, lakini hakihesabu kwa saa wala dakika, kinahesabu kwa vipande, elfu moja katika kila sekunde. Na namba hiyo ina chumba chake, na chumba kina mwisho. Ikifika bilioni nne na kitu hakuna nafasi tena, inaanguka na kuanza sifuri. Hiyo inatokea baada ya siku arobaini na tisa na nusu na kidogo. Kadiri alivyozidi kusema, ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

"Bilioni nne za nini?" mtu akauliza.

"Za vipande vya sekunde."

"Nani anazihitaji?"

Rahim akajikuna kichwa. Akatazama saa yake ya mkononi, kisha akaanza tena.

"Haya, akina mama. Saa kumi na mbili ikipita, inakuja saa ngapi?"

"Saa moja," wakajibu kwa pamoja, kama darasani.

"Kwa nini isiwe saa kumi na tatu?"

"Haipo!"

"Sawa. Sasa mtu yuko saa kumi na moja. Anajiambia, nitageuza mayai baada ya saa mbili. Anajumlisha, kumi na moja na mbili, anapata kumi na tatu. Anaandika, nitageuza saa kumi na tatu. Halafu anakaa kusubiri. Inafika kumi na mbili. Inafika moja. Inafika mbili. Atageuza lini?"

Bi Hadiya ndiye aliyelipuka kwanza.

"Hageuzi ng'o! Huyo kama mume wangu, baba Msafiri, aliponiahidi cherehani!"

Uwanja ukaangua kicheko, mpaka Odeta akajipiga paja. Dorcas peke yake hakucheka. Anasema alikuwa anaona zile trei zimeinama kulia, zinangoja.

"Kwa hiyo haikuharibika," alisema polepole. "Inasubiri."

"Inasubiri, mama. Na ukiizima inasahau ahadi, inaanza kuhesabu upya. Umeme ulipokuwa unakatika mlikuwa mnaizima bila kujua."

Maswali hayakuisha hapo, ila yalizidi kuchanganya. Bi Hadiya alitaka kujua mwenye kosa ni nani, ili adaiwe. Rahim akasema waandishi wa programu za kompyuta wana kama ghala la pamoja. Mtu hatungi kila kitu mwenyewe. Anachukua vipande ambavyo wengine wameshaviandika, anaviunga. Kipande cha kuhesabu muda kinachukuliwa na karibu kila mtu, kama unga wa dukani.

"Basi aliyesaga unga ndiye mwenye kosa," akasema Bi Hadiya.

"Aliyesaga aliandika kwenye mfuko kwamba namba inaishia hapa."

"Basi aliyenunua hakusoma mfuko."

"Labda hakusoma. Labda alisoma akasema, nani atawasha mashine siku arobaini na tisa bila kuzima?"

"Sisi!" wakasema wawili watatu.

Odeta, ambaye alikuwa amekuja kushtaki, akauliza swali ambalo bado linamsumbua Dorcas hadi leo. Kama hicho kipande kiko kwenye ghala na kila mtu anachukua, kiko kwenye mashine zipi nyingine? Kwenye pampu za maji? Kwenye mizani? Kwenye mashine za wagonjwa?

Rahim akasema hajui. Nyingine ziliandikwa vizuri, nyingine hapana, na mpaka uifungue huwezi kujua. Akaongeza kwamba wapo watu wabaya wanaotafuta namba za namna hiyo kusudi, wanazisukuma zifurike ili mashine ichanganyikiwe nao wapite mlango usio wao.

"Mungu wangu," akasema mtu. "Kumbe kuna wezi wa saa kumi na tatu."

Kikundi hakikumaliza ubishi. Wanne walisema Rahim amepangwa na Dorcas. Wengine walisema wameelewa, lakini walipoulizwa waeleze, kila mmoja alieleza lake. Mwisho Bi Hadiya akatoa uamuzi wa kati: Dorcas abaki na ufunguo kwa trei moja. Azime kila Ijumaa, ajaze maji kama zamani. Ikitoa, atabaki. Ikifa, atakabidhi bila maneno.

Hakuna mteja aliyetaka mayai yake yawe ya majaribio. Ndipo Odeta akasema, "Ya kwangu nitaleta. Nimeshazoea kulia."

Wateja wengine walipoona Odeta amethubutu, nao wakaleta, lakini trei yake ndiyo ya kwanza, inatoka Jumatatu.

Na Jumatatu asubuhi uani pana watu wengi kuliko siku ya mkutano. Odeta amefika saa moja na boksi, hataki chai. Dorcas anafungua sanduku la chini ya kabati, mayai yanakohamishiwa yanapokaribia kutotoa, mvuke unampiga usoni. Kelele zinatoka kabla ya kitu chochote kuonekana.

Anawatoa wawili wawili, na Odeta anahesabu. Kwenye arobaini anapotea, anaanza upya, anagombana na Bi Hadiya aliyekuwa akihesabu kwa upande wake. Mwisho wanakubaliana: wametoka 77. Mmoja ana mguu uliopinda.

"Huyo usimwandike kwenye daftari lako," Odeta anasema.

"Ninaandika wote."

"Haya andika. Dada, nilikusema vibaya."

"Ulisema ulichokiona."

"Nilichokiona kilikuwa viza. Lawama niliziongeza mwenyewe."

Bi Hadiya hatoi hotuba. Anachukua ufunguo uliokuwa umelala juu ya kabati, anamrushia Dorcas, na kuuliza kama kuna mtu amebakiza chai.

Lakini ukimwuliza Dorcas kama sasa ameelewa, anatikisa kichwa. Saa kumi na tatu ameielewa. Hajaelewa kwa nini chumba cha namba kijengwe kidogo, wakati namba hazina uzito. Hajaelewa kwa nini yule aliyetengeneza mashine hakukaa mbele ya kioo siku hamsini. Rahim amewaandikia watengenezaji mara mbili na hajajibiwa, na kukifungua kile kijikompyuta mwenyewe hawezi. "Labda nao wana shughuli," Dorcas anasema, bila kukejeli. Inaonekana anamaanisha.

Mpango wake ni wa karibu zaidi. Kupitia Rahim amepata namba za simu za watu wanne wenye mashine za aina ile ile: wawili barabara ya Musoma, mmoja Magu, mmoja Sengerema. Anawapigia mmoja mmoja. Wawili walimwelewa. Wa tatu alidhani ni tapeli akakata simu.

Wa nne ni mzee Josephat wa Sengerema. Dorcas anampigia mbele yetu, simu ikiwa kwenye spika, huku akiwapa maji vifaranga watatu wanyonge waliobaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba ng'wanawane, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Dorcas anajitambulisha na kuanza kueleza kuhusu kuzima kila wiki. Mzee anamkatisha kwa ukarimu. Anasema asihangaike, tatizo lake alishalimaliza. Mayai yalikuwa yanakufa kweli, trei moja hivi, trei moja vile, lakini alichunguza akagundua chanzo.

"Chanzo nini, baba?"

"Mke wangu. Mkono wake una nuksi. Tangu Pasaka nimemkataza kukanyaga banda la mashine. Sasa mashine naiangalia mwenyewe."

Dorcas ameshika kikombe cha maji, hakiweki chini.

"Na siku ulipomtoa, baba, umeme ulikatika?"

Mzee anafikiri. Kwa mbali, upande wake, anasikika jogoo.

"Ulikatika," anasema. "Kulikuwa na mvua. Wewe umejuaje?"

Dorcas anauliza mke wa mzee anaitwa nani. Mzee anasema anaitwa Yunisi. Dorcas anasema Alhamisi atavuka kwenda Sengerema, na anaomba asielezwe mtu yeyote habari hizi mpaka afike.

"Utakuja na fundi?" mzee anauliza.

"Nitakuja na daftari. Ila ukishanikaribisha, baba, kabla sijasema neno lolote la mashine, naomba umwite mama Yunisi aingie humo bandani, akae karibu nayo. Akishakaa, ndipo nitaanza."